Posti Mbovu za Chepkirui

Chepkirui hanunui posti bila kuigonga. Akija kwa yadi yangu hapa Kedowa anapita kwenye safu ya posti kama daktari anayezunguka wodi, anagonga kila moja kwa kifundo cha kidole, anaweka sikio, anasonga mbele. Inayolia kama debe tupu anaisukuma kando kwa mguu. Nimeuza posti na waya kwa miaka kumi na tisa, na wateja wengi huangalia urefu na bei tu. Yeye husikiliza. Nilidhani ni ujanja wa kunishusha bei, na mara nyingi kweli ulikuwa ujanja wa kunishusha bei.

Ninaandika habari zake kwa sababu hapa senta zinasimuliwa vibaya. Wengine wanasema alilogwa, wengine wanasema mimi na yeye tuliuza kitu kwa siri. Nilikuwepo. Ziko sehemu ambazo mpaka leo sizielewi, lakini hakuna iliyo ya siri.

Wazazi wake walikuwa wachunaji kwenye shamba kubwa la chai upande wa Kericho, na yeye mwenyewe alianza kuchuna kabla hajajua kusoma. Ukimpa mkono unaona: kidole gumba na cha pili vimekuwa vyeusi, na ngozi imekaza kama ya kiatu. Aliolewa na Johana, mwenye ekari moja na nusu ya chai kwenye mteremko chini ya senta, na akaendelea kuchuna, tofauti ikiwa kwamba sasa majani ni yao. Watoto watatu wamekua. Winny, kifungua mimba, ni muuguzi katika hospitali ya Longisa.

Miaka mitatu iliyopita aliichoka kona ya chini ya shamba. Chai ya pale ilikuwa imezeeka na baridi iliichoma kila Januari. Nilikuwa nimempelekea Johana waya, nikawakuta wamesimama hapo hapo.

"Hii kona inakupa majani kiasi gani?" Chepkirui alimuuliza.

"Kidogo."

"Kidogo inajaza kikapu?"

"Mama Winny, unajua vizuri haijazi."

"Basi nipe mimi. Ninang'oa, ninapanda pasheni."

Johana alicheka mpaka akakohoa. Kwake kung'oa chai ni kama kung'oa mlango wa nyumba. Lakini mkewe hakuomba, alifanya biashara. Alisema ataendelea kuchuna sehemu yake ya chai kila asubuhi bila kupungua, kona atailima saa zake mwenyewe, na kama msimu wa pili hautakuwa na matunda, basi yeye mwenyewe atachimba mashimo na kupanda miche ya chai tena.

"Muchiri, wewe ni shahidi," Johana akaniambia. "Misimu miwili. Mvua za msimu wa pili zikianza bila matunda, ninaleta miche, na sitaki kusikia neno pasheni tena kwa boma yangu."

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo. Chepkirui ana miaka hamsini na mbili, na kipande kile ndicho cha kwanza maishani kuitwa chake.

Alihitaji posti za kushikilia waya ambao pasheni hutambaa juu yake. Hakununua kwangu. Aling'oa fensi ya zamani ya malisho ya ng'ombe, posti za mti mkavu zilizokaa juani miaka na miaka, na nyingi zilikuwa na mashimo ya mviringo, mazuri, kama yametobolewa na fundi. Mlemle waliishi wale wadudu weusi wanene ambao wengi wetu tunawaita nyuki wa mbao. Wananguruma kama pikipiki inayopanda mlima. Chepkirui aliwachukia. Alikuwa akiziba mashimo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na kesho yake unakuta mashimo mengine.

Pasheni ilipotoa maua mara ya kwanza, aliona haya. Msicheke. Sisi watu wa chai hatuna habari na maua. Chai ikichanua, maana yake mwenye shamba amelala, hakuchuna kwa wakati, na jirani akipita anaona uvivu wako umening'inia mweupe. Tunavuna jani. Mti wa kutoa ua kwanza ndipo utoe kitu cha kuuza, huo ulikuwa mgeni kwake. Wakati jirani yake Dorcus alipokuja kuazima jembe, Chepkirui alimzungusha upande wa juu asiyaone yale maua.

Kisha matunda yakaja, mengi, ya zambarau, mazito mpaka waya ukalegea. Hakuna aliyeuliza yalitoka wapi. Maua yalikuwepo, matunda yakafuata, kama vile ndama anavyofuata ng'ombe.

Uzito ule ndio uliovunja posti sita kati ya zile za zamani. Hapo akaja kwangu, akagonga, akasikiliza, akachagua posti arobaini za mkaratusi zilizotiwa dawa, ngumu kama chuma. Tuliongea kuanzia asubuhi mpaka saa ya chai ya saa nne. Mwisho tukakubaliana nichukue posti zake kuukuu kama sehemu ya malipo, kwa sababu kuni kavu hapa kwetu ni mali. Nilipozipakia nilimkatalia moja tu.

"Hii hapana. Imeoza. Ukiigusa inamwaga unga."

"Iko na mashimo tu."

"Iko na mashimo kuliko mti. Baki nayo."

Akaisimika kwenye kibanda cha ndama, ya kufungia kamba. Nyingine nilimuuzia Omariba, mwenye hoteli ya chai na chapati kando ya barabara, aziwashe jikoni.

Msimu wa pili ukafika. Maua yalikuja kuliko ya kwanza. Januari nzima waya ulikuwa mweupe na zambarau. Kisha yakaanza kuanguka. Ua lilifunguka asubuhi, lilijifunga kabla ya saa sita, na baada ya siku mbili tatu lilikuwa chini. Shina lilibaki na kidonda kidogo tu mahali lilipokuwa.

Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna majibu mawili yaliyofanana. Dorcus alisema ni baridi. Muuza dawa za mimea alisema ni wadudu, akamuuzia chupa. Chepkirui akanyunyiza mara moja, maua yakaanguka zaidi. Mwingine alisema mbolea imezidi, mwingine imepungua. Johana alipita tu na kutazama chini palipoanguka maua, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kusema. Mwezi wa pili ulipoingia alikwenda kuweka oda ya miche ya chai mia tatu.

Siku hiyo Chepkirui alinijia yadini. Hakugonga posti yoyote.

"Muchiri, posti zako zimeua maua yangu."

"Posti inauaje ua, mama? Posti imesimama tu."

"Dawa yake."

"Dawa imo ndani ya mti. Watu wengine wamefunga ng'ombe kwa posti hizo hizo na ng'ombe wanakamuliwa."

"Sasa nini kimebadilika? Mche ni ule ule, udongo ni ule ule, mikono ni hii. Kilichobadilika ni posti zako."

Nilisema yale mfanyabiashara husema akikosa jibu, kwamba nitakuja kuangalia. Kweli niliogopa; neno kama hilo likifika sokoni, nani atanunua posti kwangu?

Nilikwenda. Tulitembea safu kwa safu, na kila mahali ilikuwa vile vile: majani mazuri, maua mengi, tunda hakuna. Mpaka mwisho kabisa wa safu ya tatu, ukutani mwa kibanda cha ndama. Pale mimea minne ilikuwa na matunda. Si mawili wala matatu. Yalikuwa yamejazana.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Ndiyo inanichanganya. Nilidhani ni samadi ya ndama. Nimebeba samadi wiki mbili, nimeweka kila shina. Hakuna."

"Labda kivuli cha ukuta."

"Safu ya kwanza iko na kivuli cha miti. Hakuna."

Tulisimama pale kama watu waliopotelewa na ufunguo. Nilirudi senta nikiwa sijamsaidia chochote.

Yeye alifanya jambo ambalo nisingelifanya. Kesho yake alituma mtu amchunie chai, akamlipa kwa maziwa ya siku tatu, akachukua kigoda akakaa mbele ya mimea ile minne tangu jua lilipotoka. Hakufanya kitu kingine. Johana alipita akamuuliza kama anaumwa. Dorcus alipita akamuuliza kama wamegombana.

Jua lilipopanda kidogo, ile posti niliyoikataa ikaanza kunguruma. Mdudu mweusi akatoka kinyumenyume kwenye shimo, akajigeuza, akaruka mpaka kwenye ua. Chepkirui alinieleza baadaye kwa kutumia kikombe na kijiko mezani kwangu. Ua la pasheni lina unga wake umening'inia juu, na juu zaidi kuna vijiti vitatu vinavyotaka kupakwa huo unga. Nyuki wa asali anapoingia hukusanya unga kwa chini akaondoka, mfupi, hafiki juu. Lakini yule mweusi ni mnene. Akiinamia utamu, mgongo wake unasugua unga, na akienda ua lingine mgongo huo huo unasugua vile vijiti.

"Alitoka mgongo wa njano," akasema. "Kama amebeba gunia la unga wa mahindi."

Hakuamini. Anayegonga kila posti hawezi kuamini kwa kuona mara moja. Akaenda safu ya kwanza, mbali na kibanda, akachagua maua matatu, akayapaka unga kwa ule ule mkono wa kuchuna chai, akayafungia uzi mwekundu wa sweta. Baada ya siku tano maua yote ya safu ile yalikuwa chini isipokuwa matatu yenye uzi. Yalikuwa yamevimba kama ncha ya kidole.

Ungedhani angefurahi. Alikuja kwangu amevurugika zaidi.

"Miaka hii yote nimekuwa nikiwachoma na mafuta ya taa," alisema. "Sasa nifanye nini? Nipake kwa mkono? Kila siku yanafunguka maua mia nne, na yanafunguka saa ile ile ya kuchuna chai. Niliahidi sitapunguza kuchuna."

"Basi tafuta hao wadudu."

"Wanaishi wapi, Muchiri?"

Nikaelewa anachouliza. Wanaishi kwenye posti. Na posti niliziuza kwa jiko.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa kwa Omariba mapema, ukungu haujapanda. Chepkirui alitaka hivyo. Alisema kukiwa na baridi wadudu wanakuwa ndani. Njiani aliniambia nisiseme neno. Mtu akijua unataka kitu sana, kimekwisha kuwa ghali.

"Omariba, nataka kuni."

"Mama, ziko nyuma. Jichagulie."

Nyuma ya hoteli zilibaki posti kumi na moja. Akaanza. Aligonga, akaweka sikio, akagonga. Lakini safari hii alikuwa anasukuma kando zile nzima na kuweka pamoja zenye mashimo. Omariba alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wa chapati.

"Mama Winny, mbona unaacha nzuri unachukua zilizooza?"

"Zinawaka haraka."

"Zinawaka haraka? Mimi ndiye nawasha, mimi najua. Zinatoa moshi mpaka wateja wanalia." Akanitazama. "Muchiri, uliniuzia nini? Kuna nini ndani ya hizi?"

"Mashimo," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Kama ni mashimo tu, mbona umekuja wewe mwenyewe na saa hii? Bei imepanda. Kila moja ni mara tatu ya ulivyoniuzia."

"Mara tatu ya kuni mbovu?" Chepkirui akasema. "Wewe hata chapati zako hazijafika mara tatu."

"Zina kitu. Mwanamke haweki sikio kwa kuni bure." Akaweka mwiko chini, akainama, akabandika sikio lake kwenye ile posti aliyokuwa ameishika mama huyu.

Sijui mdudu aliamshwa na joto la sikio au na pumzi. Posti ilinguruma. Omariba aliruka nyuma akakalia debe la maji, na lile jitu jeusi likatambaa nje polepole, limeganda kwa baridi, likakaa ukingoni likitikisa mabawa.

"Toa! Toa hiyo takataka kwa hoteli yangu! Wateja wakiumwa nitasema nini?"

"Haumi. Ukimwacha, hana habari na wewe."

"Sitaki kujua! Toa zote!"

Hapo ndipo nilipomvulia Chepkirui kofia. Alikuwa amepata alichotaka, na hakuondoka.

"Nizitoe na nini? Ni mzigo. Nimekuja na miguu yangu."

"Chukua mkokoteni wangu. Urudishe jioni."

"Na nimetoka bila kunywa chai."

Omariba alituandalia chai mbili na chapati mbili bila malipo, akatuangalia tukila kana kwamba tumebeba ugonjwa. Mkokoteni nilisukuma mimi. Chepkirui alikuwa ameziba kila shimo kwa udongo laini, safari hii bila mafuta ya taa, na njia nzima alitembea kando ameweka kiganja juu ya posti kama anayepima homa.

Alizifunga kwa waya kwenye posti zangu mpya, mbili mbili, akaziwekea vipande vya mabati juu zisilowe. Kisha akatoa udongo kwenye mashimo. Kati ya posti kumi na moja, nne zilinguruma. Zilizobaki zilikuwa kimya.

Siku tatu za kwanza hakukuwa na kitu. Wadudu walitoka, wakazunguka, wengine wakaondoka wasirudi. Chepkirui aliniuliza walikwenda wapi. Nitajuaje? Mimi najua mti unavyooza, sijui mdudu anavyofikiri. Siku ya nne akaona mgongo wa njano kwenye safu ya pili.

Johana alipoona kuni zimefungwa juu ya posti mpya alizolipia mkewe, aliniita, akanisalimia kwa lugha yake.

"Chamgei, Muchiri. Mke wangu ni mzima?"

"Ni mzima, mzee. Anasema hao wadudu ndio wanaleta matunda."

"Mimi nina mzinga kule juu. Kama ni nyuki, ninao. Hawa hata asali hawana. Nyuki gani hana asali?"

"Muulize yeye."

"Nimemuuliza. Anasema nikae kwa kigoda nitazame mgongo wa mdudu." Akatikisa kichwa. "Miche inakuja mvua ikianza. Hayo ndiyo makubaliano."

Lakini naye si mtu wa kuamini wala kukataa bure. Alichukua neti kuukuu ya mbu, akaifunika juu ya mimea miwili katikati ya safu ya pili, akafunga chini kwa mawe. Alisema kama mimea ile itazaa ndani ya neti sawa na mingine nje, basi mkewe amedanganywa na mdudu, na miche inapandwa. Chepkirui alikubali. Nilimwona akikagua mawe, kuhakikisha hakuna upenyo. Mtu anayetaka kuiba mtihani haongezi mawe.

Mvua ilianza wiki ya mwisho ya Machi, na mvua ya mawe kidogo. Miche mia tatu ikaletwa na pikapu, ikapangwa kando ya kibanda cha ndama. Nilikuwepo kwa kuwa niliitwa. Mimi ndiye shahidi.

Johana alitangulia. Nje ya neti, safu ya pili na ya tatu zilikuwa na matunda mabichi, si mengi kama mwaka wa kwanza, lakini yalikuwepo. Safu ya kwanza, iliyo mbali na posti zilizonguruma, ilikuwa na machache. Kisha akatoa mawe, akafunua neti. Majani yalikuwa ya kijani, mazuri. Chini palikuwa na zulia la maua makavu. Akapekua waya kwa mikono yote miwili, tawi kwa tawi, kwa ule mwendo wa kuchuna chai. Hakupata hata moja.

"Mimea ni ile ile," akasema.

"Ni ile ile," mkewe akajibu.

"Mvua ni ile ile."

"Ndiyo."

Alisimama na neti mkononi. Nilidhani atasema kitu kikubwa. Alisema, "Sasa hii chai niliyoleta nitaipeleka wapi?"

"Pale juu kuna mapengo. Nilikuambia tangu mwaka juzi."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia, ulikuwa unacheka."

Wakaanza kubeba miche wakiendelea kubishana, na mimi nikaachwa peke yangu na posti zangu arobaini. Hakuna hata moja iliyokuwa na tundu. Kwa miaka kumi na tisa hiyo ndiyo sifa niliyowauzia watu.

Wiki iliyopita Dorcus alikuja yadini. Naye amepanda pasheni. Alipita kwenye safu akigonga, kama alivyofundishwa, akaacha posti zote nzuri akaenda nyuma kwenye rundo la taka.

"Muchiri, hii ya mashimo unauza ngapi?"

Niliitazama. Niliinua mkono kutaja bei, nikaushusha. Sijawahi kuwa na bei ya kitu kama hicho. Nikamwambia aigonge kwanza, anieleze kama kuna mtu ndani.